Kombi Niliyoipaka Rangi Hadi Ikagoma Kuwaka

Jumamosi jioni, mwezi wa saba. Upepo wa leo unapenya makoti mawili bila hodi. Vidole vimekakamaa, na kwenye kompyuta hii ya kafe kitufe cha M hakikubali mpaka ukikandamize kwa gumba. Lakini nisipoandika leo sitalala.

Naungama hapa kwanza. Kwa padre siwezi, maana padre mwenyewe ni shemeji yangu.

Padre Deo ni kitinda mimba wa mama mkwe wangu. Amepewa daraja ya upadri wiki hii, na kesho anaadhimisha Misa yake ya kwanza hapa mjini. Ukoo ulikaa, ukagawana kazi. Wengine wakapewa ulezi wa pombe, wengine ng'ombe. Mimi nikapewa mama mkwe: nimchukue asubuhi kijijini kwake Mollo, nimfikishe kanisani kwa heshima zote. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu ni mimi peke yangu katika ukoo mwenye gari.

Gari lenyewe ni kombi, kubwa kwa umri kuliko ndoa yangu. Shirika letu la umma lilipobinafsishwa, vitu viliuzwa kimoja kimoja: viti, mashine za chapa, hata saa ya ukutani. Wenzangu waliopunguzwa kazi walinunua mashine za kusaga, na leo wanakula vizuri. Mimi nilinunua kombi ambayo ufunguo wake nilikuwa nimeutunza stoo kwa miaka kumi na minane.

Nilikuwa mtunza stoo ya vipuri. Kila kipuri nakijua kwa namba yake. Kinafanya kazi gani, hilo halikuwahi kuandikwa kwenye leja.

Basi kwa ajili ya Padre Deo nikaamua kuipaka kombi rangi upya, nyeupe na njano kama bendera ya Kanisa. Na sikupaka kama watu wa gereji wanavyopaka, juu juu. Nilifungua kila kilichofunguka, nikakipa namba, nikakipanga kwenye turubai uani kwangu Katandala. Nikaingia hadi uvunguni. Rangi mikono miwili, tabaka juu ya tabaka, kila mahali, kutu isipate pa kushika. Mke wangu, Mama Leokadia, alinihurumia akaniletea uji huko huko chini ya gari.

Nilipomaliza, majirani walikuja kutazama. Nikawasha.

Tik.

Nikazungusha ufunguo tena. Tik. Taa zikafifia kama koroboi inayoishiwa mafuta, kisha kimya. Toka siku hiyo kombi haikuwaka tena bila kusukumwa. Ikisukumwa inashika vizuri tu, inakwenda hata Mollo na kurudi, mradi usithubutu kuizima.

Hapa mjini kitu kikiharibika, watu wanaanza na sababu moja ile ile. Jirani alinivuta pembeni akaniambia nina maadui, mtu aliyepunguzwa kazi hawezi kumiliki gari zuri namna ile watu wakamwacha hivi hivi. Akamtaja mtaalamu mmoja kule Milepa. Nikacheka sana, nikamwambia mimi ni Mkatoliki na nimefanya kazi ofisini.

Halafu nikamuuliza nauli ya kwenda Milepa ni shilingi ngapi.

Sikwenda. Nilinunua betri mpya. Tik. Nikabadilisha stata, ile mota ya kuamshia injini. Tik. Nikawalaumu panya, nikatega mtego ndani ya gari, mtego ukanikamata mimi kidole. Fundi sikumwita, na sababu yake ni ya kipuuzi kabisa: niliogopa mikono yenye grisi isiniharibie rangi.

Sasa nifike kwenye lile la Alhamisi, ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu nianze kuandika.

Alhamisi nilipeleka magunia ya ulezi kwa mama mkwe. Nilikaa ndani ya gari, injini inanguruma, shemeji zangu wakashusha mizigo. Nilipanga kwamba wakimaliza nitatafuta mtu wa kukanyagia mafuta, nishuke nimwamkie mama. Injini ikazima yenyewe kabla ya gunia la mwisho. Ikabidi wanisukume. Nikaweka gia ya pili, nikatazama kwenye kioo, na katikati ya shemeji zangu nikaona kitenge cha bluu.

Mama mkwe wangu alikuwa anasukuma gari langu.

Asiyetoka huku hataelewa. Kwetu mkwe unamkaribia kwa kuinama. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, macho chini, unangoja akuitikie. Kumwambia "mama, pisha" siwezi, mkwe haamrishwi. Kusimama siwezi, gari lingezima tena naye angesukuma tena. Nikiwa bado nawaza hayo injini ikashika, gari likaruka mbele, nami nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nafumba macho.

Nilitoa mkono dirishani nikampungia mama mkwe wangu kama mbunge aliyepita bila kupingwa. Kisha nikaondoka.

Jana Mama Leokadia alirudi kutoka kwao Mollo na salamu fupi. Mama amesema Jumapili nisihangaike, atakwenda kanisani kwa miguu. Aliniwekea ugali mezani akaenda kukaa nje kwenye upepo, na mke wangu si mtu wa kupenda baridi.

Mwanamke wa miaka sabini na kitu atembee kutoka Mollo hadi mjini, siku ya Misa ya kwanza ya mwanawe, wakati mkwe wake ana kombi ya rangi ya Kanisa! Watu wangemuuliza njia nzima. Na mimi ningekaa benchi gani kanisani?

Asubuhi ya leo nikameza kiburi nikamwita Fundi Shija, fundi umeme wa magari, mtu ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe kutoka Usukumani. Nikamwomba anawe mikono. Akanawa. Nikamwomba avue viatu kabla ya kuingia. Akanitazama kidogo, akavua. Nikamtandikia gazeti kwenye kiti. Alilikalia, na nilijua tu kwamba hadithi hii itasimuliwa gereji mwaka mzima.

Akazungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena akashikilia. Ndipo Mama Leokadia, aliyekuwa anapita na ndoo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kuna kitu kinaungua, kama kila siku.

Fundi akauliza: "Kila siku?"

Akamwambia ndiyo, kila mara baba yake Leokadia, yaani mimi, akijaribu kuwasha, ule waya mrefu unaotoka kwenye pedali ya mafuta kwenda kwenye injini kule nyuma unatoa moshi. Aliwahi kuugusa ukamchoma. Alinieleza wiki iliyopita, nikamwambia asinichanganye kwa mambo ya kitaalamu.

Nathibitisha. Ndivyo nilivyosema, kwa maneno hayo hayo.

Fundi Shija hakugusa betri wala stata. Alichukua kipande cha waya mnene, ncha moja akaibana kwenye hasi ya betri, nyingine akaigusisha kwenye injini, akaniambia nizungushe ufunguo. Kombi ikawaka hata kabla sijajiandaa. Nilipiga kichwa kwenye paa kwa kushtuka.

Akaingia uvunguni. Akakaa huko kitambo, kisha nikamsikia anacheka, cheko la mtu anayejitahidi kujizuia na kushindwa. Akaniita nami nikalala chali pembeni yake. Akanionyesha utepe mpana wa waya, upande mmoja umefungwa kwenye giaboksi, upande mwingine kwenye bodi ya gari. Huo unaitwa waya wa athi. Umeme ukishaizungusha stata unarudi nyumbani kwa njia hiyo, chuma kwa chuma. Sasa chuma kilikuwa hakimgusi mwenzake. Katikati kulikuwa na rangi. Nyeupe, mikono miwili, safi kama ukuta wa zahanati. Umeme ulipokosa mlango ukawa unajibana kurudi kupitia waya wa pedali, ndiyo maana ukachemka.

"Mzee," alisema, "hii rangi ni nzuri sana. Sijawahi kuona mtu kapaka hivi."

Adui wangu nilikuwa nimelala naye uvunguni, amevaa koti langu.

Alikwangua kwa kisu, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga upya. Dakika kumi. Nilizungusha ufunguo, ikawaka. Nikazima, nikawasha. Nilirudia mara sita, mpaka Mama Leokadia akaniambia mama bado yuko Mollo na jua linakwenda. Nilimwomba radhi kwa lile la kitaalamu. Alisema amezoea, lakini nilimwona anatabasamu akielekea jikoni.

Nikaenda peke yangu.

Mama mkwe alikuwa amekaa nje kwenye mkeka anapepeta ulezi. Nikasimamisha gari mbali kidogo, kama inavyotakiwa. Injini inanguruma. Nilikaa na mkono kwenye ufunguo, na niseme ukweli, niliogopa kuliko siku niliyokuja kuposa. Ikigoma hapa, ni nani atanisukuma? Yeye tena?

Nikazima.

Nikashuka, nikachuchumaa chini kwenye vumbi, macho chini, nikaanza kupiga makofi. Aliniacha nipige. Nilisikia ungo unaendelea, chaka chaka chaka, nami napiga tu, magoti yananiuma. Hatimaye ungo ukanyamaza akaniitikia. Hapo nikamwaga yote: rangi, betri, stata, panya, mkono dirishani. Nilimweleza hata ile nauli ya Milepa. Nikamwambia nilitaka siku ya Padre Deo watu waone kwamba mkwe wa mama si mtu aliyeachishwa kazi tu, kwamba bado ni mtu.

Aliweka ungo kando. Kisha akasema:

"Baba Leokadia, mimi nilikupa mwanangu ukiwa huna hata baiskeli. Kesho uje mapema. Na ukifika, kwanza unisalimie."

Sikuinua macho. Mila hairuhusu, na leo niliishukuru mila, maana macho yangu hayakuwa ya kuonyeshwa mtu.

Najiuliza tangu nilipotoka kule: miaka yote hii, tangu shirika life, nilikuwa napaka rangi ili nani aone? Yeye hakuwahi kuniangalia gari.

Kesho nitatoka alfajiri. Kombi iko hapo nje, naiona kupitia dirisha la kafe. Inawaka vizuri, fundi ameapa na mimi nimeshuhudia.

Hata hivyo nimeiegesha kwenye mteremko.