Nati Yenye Alama Yako

Papa Ilunga,

Injini yako imeungua. Tuliiwasha wiki moja baada ya kukuzika. Ikanguruma vizuri sekunde nne, halafu moto ukatokea ubavuni, mahali usipotakiwa kuonekana kabisa. Hakuna aliyeumia.

Meneja alipofungua mabaki akakuta nati ya bomba la mafuta haijabana. Juu yake upo mstari wako mwekundu, ile rangi ya kucha uliyokuwa ukiichukua saluni kwa mkeo, Mama Bea, naye akikugombeza kila mwezi. Karakana nzima tunaijua sheria: mmoja anakaza, mwingine anapima tena kwa spana ya kipimo, ile inayolia tak nati ikibana, kisha huyo wa pili anachora mstari. Lawama ni ya mchoraji. Kwa hiyo ripoti inasema marehemu alikosea. Miaka kumi na tisa ya kujaribu injini za roketi, wameifunga kwa sentensi moja!

Sikukubali. Nilianza kumshuku meneja, kwa ile haraka yake ya kuandika, maana marehemu hajibu barua pepe. Nikamshuku mtunza stoo, mwenye funguo zote. Akinisalimia "Sharp, dada!" nikawa najiuliza anafurahia nini. Hata wewe nilikushuku, nisamehe. Siku ile ulipochora mstari ulikuwa ukihema, umeegemea meza, nikadhani labda ugonjwa ulikuzidi. Nikawa nakula peke yangu mchana, nikiwaangalia wote kwa jicho la pembeni.

Jana niliikuza picha niliyoipiga kabla mabaki hayajaondolewa. Mstari wako haujakatika. Unaanzia kwenye nati, unaingia kwenye bomba, umenyooka. Kama mtu angeizungusha baada yako, au mtikisiko ungeilegeza, vipande viwili vya mstari vingeachana. Basi haikuguswa na mtu. Ilikuwa imelegea hivyohivyo ulipoichora.

Na aliyeikaza ni mimi, Papa.

Nimekumbuka. Spana ya kipimo alikuwa nayo mwenzangu, nikaizungusha nati kwa mkono, nikasema nitairudia. Nikahamia nyingine. Sikuirudia. Ulipokuja ukaniuliza, "Umekaza yote? Iko sawa?" Nikajibu, "Iko sawa, Papa." Wewe uliyetuchosha masikio kila siku, "Mimi naamini spana, mutu hapana!", siku hiyo ukaniamini mimi. Ulipaswa kupima, najua. Lakini hukupima kwa sababu ya neno langu, na hilo linaniuma.

Nikuambie na aibu yangu nyingine: nusura niifute ile picha. Kidole kilikuwa tayari juu ya simu. Niliwaza kibali changu cha kazi, nikawaza miaka mitano uliyonifundisha iishie mlangoni kwa kufukuzwa. Kisha nikamkumbuka Mama Bea. Jumapili alikaa kiti cha nyuma kanisani, yeye wa mbele siku zote, kwa sababu watu wanamwuliza kama ni kweli mumewe aliunguza injini. Nami nilimpa pole, nikakaa pembeni yake.

Leo naenda kwake, mtaa wa South Beach, asikie kutoka kwangu kabla ya mtu mwingine. Kesho asubuhi nampelekea meneja picha na maelezo yangu, yameshaandikwa. Wakinifukuza, wanifukuze.

Kwaheri, Papa. Lala salama. Nakuahidi, kwenye ripoti ile jina lako litatoka, na langu litaingia palepale lako lilipokuwa.

Neema