Kanda Kumi na Tisa za Baba

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti ya mama yamepata nafuu. Shemeji msalimie sana, mwambie ile redio aliyoniahidi kuitengeneza bado naingoja, labda wajukuu zangu ndio watakaoisikiliza. Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni ndiyo yamenifanya nishike kalamu na karatasi, mimi ambaye, kama unavyosema, hata kikohozi nakitangaza mtandaoni.

Ujumbe wako niliupata. Umesema mama sasa anatusahau, kila jioni anauliza baba amechelewa wapi, na daktari amekushauri umsikilizishe sauti anazozijua tangu zamani. Umeniomba zile kanda za sauti ya marehemu baba. Nimekaa kimya siku tisa, na najua umeshanuna. Nivumilie nikueleze kwa utaratibu, usirukie mwisho.

Miaka kumi na minne nimekula kwa mdomo wangu. Nilipoanza, kazi ilikuwa kugonga milango ya ofisi na kuwaeleza watu kwamba mafaili yao hayahitaji kabati; tutawawekea kwenye wingu, yaani kwenye mashine kubwa za kampuni yetu zilizoko mbali, wayachukue kwa intaneti popote walipo. Walinicheka. Mhasibu mmoja aliniuliza mvua ikinyesha mafaili yake yatamwangukia nani. Mitandao ya kijamii ilipopamba moto, sikugonga mlango tena. Nikajifunza kuandika maneno machache yanayomfanya mtu asimamishe kidole asome. Nilikuwa hodari, dada, sikufichi. Meneja alikuwa akisema nikipewa jiwe nitaliuza kama mkate.

Unakumbuka siku nilipokuja kuzichukua zile kanda. Baba alikuwa akifanya kazi mbali, naye mama hajui kusoma, kwa hiyo badala ya barua alimrekodia: anaanza na salamu, anatutaja mmoja mmoja, anagomba kuhusu paa linalovuja, halafu anacheka peke yake. Kanda kumi na tisa kwenye boksi la viatu. Wewe ulikataa zisitoke, ukasema zikae mahali mama anapoweza kuzishika. Nikakuita mshamba, Mungu anisamehe. Mama yeye aliuliza tu kama hilo wingu lina mlango, na ufunguo anao nani. Nikamwambia ninao mimi.

Nilizirekodi upya zote kwenye kompyuta, nikazipandisha kwenye akaunti ya bure niliyoifungua kwa anwani yangu ya kazini. Kisha nikaliweka boksi juu ya pipa la taka, nikalipiga picha na kuandika: “Kwaheri vumbi, baba sasa yuko salama.” Watu elfu sitini waliipenda. Kampuni ikaifanya tangazo, ikatia na kipande cha sauti ya baba, nami nikapandishwa cheo. Nyumbani niliwaambia kanda nimezifungia kabatini. Si kweli, dada. Gari la taka lilizibeba asubuhi ileile.

Mwaka jana kampuni iliamua kufunga akaunti zote za bure. Wenye akaunti walipewa siku tisini wahamishe vitu vyao, la sivyo vifutwe. Kazi ya kuwaarifu nikapewa mimi, na mkuu wangu akanionya nisiwatie watu hofu, maana wakianza kelele mitandaoni tumekwisha. Basi nikafanya ninachokijua. Nikaandika barua pepe yenye kichwa “Habari njema: tunakuandalia makao mapya!” Nikaweka picha ya familia inayotabasamu, na habari ya kufuta nikaisukuma chini, aya ya sita, herufi ndogo. Hakuna mteja aliyepiga kelele. Kwenye kikao nilipigiwa makofi.

Barua hiyo ilinijia na mimi, mara tatu. Matangazo yetu yote hunifikia, nami huyafuta bila kuyafungua, kwa kuwa nayaandika mwenyewe. Akaunti ya baba haikunipitia akilini hata dakika moja.

Ujumbe wako ulipofika ndipo nikaifungua. Tupu. Nikashuka ngazi mbio hadi kwa fundi wa mitambo, nikamweleza mbele ya wenzake huku nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole: “Lakini tuliwaandikia wateja wote, dada. Hukusoma?” Nikamuuliza kuhusu nakala. Akasema nazo zilifutwa, kama tulivyoahidi kwenye aya ya sita.

Basi ndiyo hayo. Sauti ya baba nimeipoteza mimi, na sina pa kwenda kuitafuta. Kilichobaki ni lile tangazo tu, nimekutumia kwenye simu. Baba anasikika sekunde nane: “Mama watoto, usifunge mlango, nakuja.” Chini yake kuna muziki wa kampuni. Nilimwomba fundi autoe, amejaribu siku mbili, ameshindwa.

Mbusu mama kwa niaba yangu, na watoto wote wapate salamu zangu. Hasira zako ni haki yako, sitajitetea. Ila jioni mama akianza kuuliza, msikilizishe hicho kipande. Baba akishasema nakuja, kizime haraka, kwa sababu baada yake naingia mimi, kwa furaha kabisa, nawaambia watu wajiunge leo.

Mdogo wako,
Kasuku