Kimegeuka, na Ruhusa Imetoka

Chumba cha mwisho, ghorofa ya juu,
Nyuma ya kiwanda cha rangi.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti lako linasemaje siku hizi? Na shemeji, kikohozi kimemwacha, au wameshazoeana? Mimi ni mzima, ila nimechoka, sitakuficha. Mgongo unalia kama kitanda kibovu na vidole vimepasuka kwa baridi ya kazini. Lakini leo nacheka peke yangu mpaka jirani amegonga ukuta.

Barua yako niliipata. Uliniuliza waziwazi: nitakuja kumwoza binti yangu, au mjomba wake asimame mahali pangu? Nilichelewa kuandika nikingoja ruhusa ya hapa maabara. Tulikatazwa likizo mpaka kazi ya Daktari itoe matokeo.

Daktari huyu ni wa vitabu, siyo wa sindano za homa. Mashine yake inataka baridi kali, na mimi ndiye ninayeisukumia mitungi ya hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji. Ukiimimina inafuka kama birika, ukiigusa inakuunguza kwa ubaridi. Mwenzangu wa kupokezana ameteguka bega, hivyo nikiondoka mimi, mashine inapata joto na kazi yote inaharibika. Ndivyo nilivyofungwa.

Najua utauliza wanatafuta nini, basi nikueleze nilivyoelewa. Wana kipande chembamba mno, matabaka mawili yamelaliana. Unywele kando yake ni gogo. Ndani yake umeme umejipanga, chanya juu, hasi chini. Ukikisukuma kwa umeme wa nje kinatakiwa kigeuke, hasi ije juu, na ukiuondoa kibaki hivyo hivyo. Kikikubali, wanasema siku moja simu na kompyuta zitatunza mambo kwa umeme kidogo sana. Wapo waliosema kitu chembamba hivyo hakigeuki. Na kweli kiligoma, wiki baada ya wiki.

"Huyu mkaidi," nikamwambia Daktari.

"Niombee awe kigeugeu, Mzee," akasema.

Fundi wa mitambo akadakia, "Kigeugeu naye hatufai! Tukienda chai tu atakuwa amegeuka tena."

Alhamisi nilikuwa nimemaliza kujaza mtungi wa mashine, kabla sijatoka taa nyekundu ikawaka. Ikiwaka hiyo, hakuna kutembea, maana kuna sindano inayopapasa kile kipande, na hatua ya mtu tu huitikisa. Nikakaa juu ya ndoo. Mara chafya ikanijia, Dada! Nikabana pua, machozi yakanitoka, fundi ananitolea macho kama nimeiba.

Kwenye skrini kulikuwa na rangi moja tupu. Halafu pembeni kikatokea kidoa cheupe, kidogo kama punje. Nikadhani ni machozi yangu. Kikakua. Umewahi kuona foleni watu wanaposikia dirisha jingine limefunguliwa? Anageuka mmoja, anageuka wa jirani yake, mwisho foleni nzima imetazama kule. Ndivyo kipande kilivyogeuka, ukingo wa ule weupe ukitembea pole pole. Daktari anasema tabaka la juu huteleza kidogo tu juu ya lile la chini, na pale lilipoteleza, chanya inashuka chini na hasi inapanda juu.

Wakazima umeme. Tukangoja. Sindano ikapapasa tena: kimekaa vile vile! Wakakirudisha kikarudi, wakakigeuza kikageuka, kitiifu kama mtoto mbele ya mgeni. Mimi pua yangu imekuwa nyanya.

"Daktari, sasa naweza kupiga chafya?"

"Piga hata ngoma!"

Nikapiga, Dada, mpaka kofia ikaanguka. Daktari akacheka akalia, akamkumbatia fundi, akanikumbatia na mimi na uchafu wangu wote. Nikaona hapa hapa.

"Na ruhusa yangu?"

"Ruhusa gani?"

"Ya kwenda kumwoza binti yangu."

"Jamani, Mzee, si ungesema mapema!"

"Nilisema. Ulikuwa unaongea na sindano."

Akaenda mwenyewe kwa mkuu wa maabara, akarudi na karatasi imetiwa saini. Mashine itapumzishwa, na mimi pia. Ijumaa ijayo napanda basi.

Kwa hiyo mwambie mjomba mtu ahsante sana, lakini kiti cha baba kina mwenyewe. Binti yangu usimwambie lolote mpaka umemkalisha chini, maana kwa kupiga vigelegele huyo ataamsha mtaa.

Nisalimie shemeji, watoto wote, na yule shangazi asiyesikia. Yeye umsalimie mara mbili. Mungu akulinde wewe uliyenilelea mwanangu, akulainishie goti, akupe nguvu za kucheza siku hiyo, maana mimi mgongo haukubali, utacheza kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ambaye sanduku lake liko mlangoni tayari.