Uzito wa Nyota Isiyoonekana

Shikamoo Baba,

Semina ya walimu wa fizikia ilikwisha jana, leo niko Ujiji na Shangazi, ufukweni anapoanika dagaa. Wingu jeusi limesimama upande wa Kongo, naye kila mara analitupia jicho.

Ameniuliza nyota tunazipima kwa mizani gani. Nikamwambia nyota ikiwa peke yake ni vigumu, lakini zikiwa mbili huzungukana, nasi huangalia upana wa njia zao na muda zinaotumia. Kuna wakati moja haionekani kabisa. Tunamwona mwenzake tu akiyumba, na kwa kuyumba huko tunajua uzito wa ile isiyoonekana haupungui kiwango fulani.

Shangazi akaacha kugeuza dagaa.

"Tangu mama yako afariki," akasema, "baba yako hunipigia kila asubuhi, saa ile ile aliyokuwa akipiga marehemu. Ananiuliza kama mvua imelowesha dagaa. Mama yako alikuwa na meza ya dagaa sokoni. Yeye ana meza gani? Na dagaa tangu utotoni hagusi."

Baba, msibani hukutoa chozi, nami mwaka mzima nimekuwekea kinyongo. Hesabu hii nimeifundisha miaka mingi na sikuwahi kukutazama wewe ukiyumba. Nisamehe.

Mvua haijanyesha. Nikirudi Dodoma, asubuhi nipigie na mimi. Dagaa sina, lakini nitapokea.

Mwanao,
Zuhura