Kitanda Kinachotazama Kibla

Kwa Mwanamkuu, Pangani,
Kibaha.
9 Juni 2024.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu Yahya,

Miaka mitatu hujakanyaga hapa. Basi la Geita linapita hapa Kibaha barabarani, na mwaka jana ulilipanda mpaka Dar, hukushuka hata kunywa maji kwa bibi yako mkubwa. Usidhani sikuambiwa. Aibu yako.

Haya, marahaba, najua ukifika hapa umeshaniamkia. Hujambo? Mkeo Firdausi hajambo? Mtoto ameota meno? Mimi nipo, magoti ndiyo yanagoma. Shamba la Kisarawe nimemwachia mjomba wako Shabani, mihogo inaendelea vizuri, nami nimehamia huku kumuuguza dada yangu Mwanamkuu, bibi yako mkubwa.

Anayeniandikia ni Mwalimu Stellamaris, jirani. Nimemwambia asiyapambe maneno yangu. Simu sikutaka, maana wewe ukisikia zito unasema mtandao mbaya. Barua huwezi kuikata katikati.

Ni habari ya ile sindano. Nilikwambia muuguzi kamchoma dada sindano ya mgonjwa mwingine nusura afe. Ukawaka, ukapeleka malalamiko hospitali, na yule kijana Telesphory akasimamishwa kazi. Nilikwambia nusu, Yahya. Nusu ya pili nimeikalia wiki tano, na kila nikilala iko kifuani.

Dada alilazwa kwa kifua, kitanda namba sita. Akiinuka kukaa anatazama mlango wa choo. Alikuwa anasali hapo hapo kitandani, ikawa inamuumiza. Kitanda namba saba kilitazama kibla, na hapo alilala mama mmoja wa Upareni, Elinipa, mgonjwa wa sukari. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu mpishe mwenzio." Akacheka. "Njoo bibi, Mungu wangu mimi hata nikitazama choo ananisikia." Tukabadilishana. Mashuka, chupa ya chai, kanga, vyote nilihamisha mimi. Wauguzi sikumwambia hata mmoja. Niliona ni ujirani tu, na ujirani nani anauombea ruhusa?

Jioni Telesphory akaingia na sindano zake, yuko peke yake wodi nzima. Akatazama karatasi, akatazama namba ya kitanda. "Bibi, sindano yako ya sukari hii." Dada akaitika, "Naam baba," kama anavyomwitika kila mtu. Nami nimekaa pale, nimeshika mguu wake. Nilijua dada yangu hana sukari. Nikajisemea, hawa wamesoma, labda wameona kitu kwenye vipimo, mimi nisiyeweza kuandika hata jina langu nimfundishe kazi? Mimi huyu, Yahya, ninayemgombeza mpaka shehe wa msikiti. Siku ile mdomo ulikufa.

Haukupita muda sukari ikamshuka, jasho likamtoka, akatetemeka, akazimia. Huyo huyo Telesphory ndiye aliyekimbia akamtundikia dripu la sukari, na hakumwachia mkono mpaka alipofumbua macho. Lakini dada hakurudi yule tuliyempeleka. Kijiko kinamponyoka. Jana ameniita kwa jina la mama yetu, nikaitika, nikatoka nje nikalia.

Kosa la yule kijana lipo, silifichi. Hakuuliza jina. Siku hizi pale wodini mgonjwa anataja jina lake mwenyewe, hatajiwi akaitikia tu, nao wanatazama utepe wa mkononi ndipo wampe dawa. Na sisi tunaokaa na wagonjwa wanatuambia tukiona dawa ngeni tuulize, na tusihamishe mtu kitanda bila kusema. Wangeniambia mimi mapema. Au basi, ningetumia akili yangu tu. Yeye kakosa moja, mimi nimekosa mawili, na aliyekaa nyumbani bila kazi ni yeye, ana mke na watoto.

Jumatatu nilikwenda kwa mganga mkuu nikamweleza yote. Ameyaandika. Akasema kikao cha kuamua shauri la Telesphory ni tarehe ishirini na nane mwezi huu, ila malalamiko yako ndiyo yanayosomwa kwanza, na anayeweza kuyasahihisha ni wewe uliyeyaandika. Na maneno uliyoyaandika niliyatia mimi kinywani mwako.

Nisamehe, mjukuu wangu. Niliona haya mbele ya mtoto mdogo kama wewe, nikamtupia mtoto wa watu mzigo wangu.

Msalimie Firdausi, mbusu mtoto. Dada yako Zuwena na mumewe wanakusalimu, na Shabani anasema gunia lako la muhogo mkavu lipo. Bibi yako mkubwa nimemtajia jina lako, akatabasamu, sijui kama alikujua. Mungu akulinde barabarani, akujaalie moyo mwepesi kuliko wangu.

Sasa sikiliza. Njoo kabla ya tarehe hiyo. Ukishuka Kibaha usije nyumbani, hata mzigo usiulete. Nenda nao moja kwa moja hospitali, umwone mganga mkuu, umwambie bibi yako alikupa nusu ya habari. Kisha uliza kwa Telesphory, umfuate kwake, umpe mkono. Ukishatoka kwa Telesphory, hapo ndipo uje nikupikie.

Bibi yako akupendaye hata akikugombeza,
Mwanajuma.