Kabureta Mbili za Babu Yako

Mjukuu wangu Nyangeta,

Hapa Kigera tu wazima, na shangazi yako kajifungua salama. Umeniuliza nilimpendea nini babu yako.

Miaka ile ya foleni za petroli, pikipiki yake ilikuwaga na kabureta mbili, moja imechoka, na vipuri hakuna. Siku moja akaiwasha uani, akakata bua la jani la mpapai, lile lenye tundu ndani, akaweka ncha moja sikioni, nyingine kwenye kabureta moja, kisha ya pili.

"Hebu sikiliza na wewe," akaniambia.

Kabureta moja ilivuta hewa kwa nguvu, nyingine ilihema. Nikajua ataikazania ile dhaifu. Kumbe akashika bisibisi, akaipunguza yenye nguvu mpaka zikapumua sawa.

Nilikuwa mchumba tu, ila palepale nikajua nitazeeka naye.

Bibi yako