Gari Dogo la Gama

Jumapili, 18 Februari
Nimeshindwa tena. Mizunguko kumi, sakafu ya kuanikia kahawa, baada ya misa ya pili. Gama kanizidi mzunguko mzima. Betri ilikuwa imejaa. Upepo haukuwepo. Basi kosa ni la gari. Si langu.
Leo nimeweka springi ngumu mbele. Haikusaidia. Naandika kwa sababu Mariana, binti yangu wa Dar es Salaam, kasema baba, kila ukibadilisha kitu kwenye gari andika, ujue kipi kimefaa. Niliishia darasa la nne lakini mwandiko wangu unasomeka.
Magari yetu ni sawasawa, langu na lake. Fundi Mzungu wa karakana ya misheni alipomaliza mkataba alituachia maboksi mawili. Gari la umeme la kuunga mwenyewe, mfano wa taksi, urefu wa kiwiko mpaka vidole, tairi zote nne zinavuta, unaliongoza kwa rimoti. Tuliyaunga meza moja. Skrubu zilezile.
Mimi Otmari nimeendesha lori la kahawa miaka thelathini na moja. Mbinga mpaka Mbamba Bay enzi za tope, mteremko ule wa kushukia ziwani, usiombe. Gama ni fundi cherehani. Kakanyaga pedali miaka arobaini na hajatoka barazani. Huyo ndiye ananishinda.
Sharti letu halijabadilika. Anayeshindwa anamwamkia mwenzake. Nimemzidi Gama miaka minne, na leo nimemwambia Shikamoo mbele za watu, Jumapili ya kumi na moja mfululizo. Ananiwekea mkono kichwani. "Marahaba mwanangu, siku hizi umekua." Watu hoi.
Jumapili namchukia. Siku nyingine ni rafiki yangu.

Jumatano, 21 Februari
Mzigo wa Mariana umefika kwa basi. Beringi za chuma kumi na sita, nitoe bushi za plastiki. Mota mpya isiyo na kaboni ndani, pamoja na kisanduku chake cha umeme. Shokapu nne za mafuta.
Nimefunga vyote, asubuhi mpaka saa tisa. Mke wangu Skolastika kashika tochi. Mwanga ukanihama, nikamwambia tochi inataka mtu mwenye akili. Kaendelea kumulika. Afadhali.
Nimejaribu uani. Limeruka! Kuku wamepanda juu ya banda. Hakuna gari kama hili Ruvuma nzima. Jumapili Gama, Mngoni yule, atalia.

Jumapili, 25 Februari
Nimeshindwa.
Kwenye sehemu iliyonyooka nimemwacha mbali sana. Kwenye kona gari limepinduka. Mara tatu. Mara ya tatu limepinduka lenyewe, hakuna aliyeligusa. Lake ni lilelile la kwenye boksi, linakwenda polepole, linapita ndani ya kona palepale kila mzunguko, utadhani anapinda suruali.
"Dereva," kasema, "umenunua mbio, kona umesahau kununua."
Wamecheka mpaka mlinzi wa ghala. Shikamoo ya kumi na mbili.
Anakohoa. Tangu Krismasi anakohoa. Nimemwambia mbele ya wote, Mngoni, ukifa niachie betri, jeneza halina swichi. Wamecheka kuliko walivyocheka maneno yake. Naye kacheka, akashika ukuta. Mimi Mmatengo, yeye Mngoni, ni watani, maneno hayo yanaruhusiwa, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Nilifurahi kumwona ameshika ukuta. Leo nimeshinda hilo tu.
Badiliko: gia ndogo ya mota, nimepunguza meno mawili.

Ijumaa, 1 Machi
Wazee wa Mbamba Bay wamepiga simu. Wale wapakizi wa zamani wa bandarini. Wanataka twende na magari Jumatatu ya Pasaka, tushindane kwenye sakafu ya ghala kuukuu pale ziwani. Watu watajaa.
Kosa ni langu. Mwezi wa kwanza niliwaambia kwenye simu kwamba kila wiki namshinda Gama. Sasa wanataka kuona.
Kule nina jina. Lori langu likishuka mteremko, honi ilisikika mpaka kwenye mitumbwi. Wanawake walikuwa wanaacha dagaa wa usipa juani waje kuniangalia. Halafu nisimame pale nimwamkie fundi cherehani? Siwezi. Bora nife.

Jumapili, 3 Machi
Shikamoo ya kumi na tatu. Sitaki kuandika.

Alhamisi, 7 Machi
Leo nimelichukua gari la Gama.
Nimeingia kwake bila hodi. Yeye kitandani, mkewe Mama Tekla jikoni. Gari liko juu ya cherehani, limefunikwa kanga. Nimelibeba pamoja na rimoti, nikapiga kelele, mtani nachukua changu!
Ni haki. Mtani akichukua kitu chako hugombi, unakikomboa kwa jogoo. Jogoo akiingia uani kwa mtani, kitu kinatoka. Mwaka juzi kwenye msiba wa kaka yangu Gama alivaa koti langu akazunguka nalo sokoni anatembea kama mimi, tumbo mbele. Nilitoa jogoo ndipo akalivua.
Kasema kutoka chumbani, "Mwizi mkubwa. Chukua na kikohozi basi, usiache kitu nyuma."
Nimecheka njia nzima. Sasa nitaijua siri yake.

Ijumaa, 8 Machi
Nimelifungua lote mezani.
Hakuna siri. Bushi za plastiki zilezile. Mota ileile ya kwenye boksi. Nimetafuta beringi iliyofichwa, nimetafuta uzito, nimeangalia mpaka ndani ya tairi. Hakuna. Skrubu zimekazwa sawa, hazikukazwa sana. Vumbi halimo. Nimezungusha tairi zote nne kwa kidole, zimesimama pamoja. Basi. Ni hivyo tu.
Nimeliunga tena. Nimeliendesha uani, pole sana, nikaligonga ukutani.
Nimeumia kuliko siku zote nilizoshindwa. Ningeweza kupinda kitu kidogo ndani na asingejua. Sikupinda. Mimi si mtu wa hivyo.

Jumapili, 10 Machi
Hatukushindana. Watu wameuliza. Nimewaambia Mngoni hana gari, niamkieni mimi. Wamecheka kidogo.
Nimefanya mazoezi peke yangu. Limepinduka kona ileile.
Nimefikiri hivi. Gari lake likibaki kwangu mpaka Pasaka, Mbamba Bay nitasema Gama ameogopa kuja. Huo si wizi. Ni utani tu, umerefuka.

Jumanne, 12 Machi
Mvua tangu alfajiri. Ukungu umeshuka mpaka kwenye kahawa, mti wa tatu huuoni. Nikiwa chumbani nimesikia kikohozi kinapanda kilima. Nikajua ni yeye.
Nimemwambia Skolastika aseme nimekwenda Liparamba, kule kwenye hifadhi ya wanyama. Hakutaka. Nikamkazia macho. Kaenda kusema.
Gama kakaa barazani kwangu saa nzima, maji yanamchuruzika, jogoo yuko ndani ya koti. Mimi nyuma ya pazia, gari lake mapajani, nimeshika tairi zisilie.
"Liparamba kafuata nini, shemeji? Kuwaamkia nyati?"
Skolastika kacheka kwa kulazimika.
"Mwambie mkombozi amefika. Jogoo mzuri, huyu ndiye aliyekuwa ananiamsha. Na gari asilisumbue, sina haraka nalo. Nataka kulipangusa tu, kushona siwezi tena na mikono inakosa kazi."
Kamfunga jogoo kwenye nguzo. Uji kakataa. Kashuka. Kwenye migomba kageuka, akasema kwa sauti, "Safari njema, dereva!"
Alijua nimo ndani.
Ningeweza kutoka. Gari lilikuwa mkononi.

Jumatano, 13 Machi
Nimeagiza jogoo achinjwe. Skolastika kasema jogoo wa kukombolea haliwi kabla kitu hakijarudi, mkosi huo, hata watani wana mpaka. Nikamwambia mpaka wa nyumba hii naujua mimi.
Kapika. Hakula. Nimekula peke yangu na ugali. Mgumu.
Gari liko chini ya kitanda. Nitalirudisha baada ya Pasaka. Gama hatamwambia mtu, maana kulalamika kwa mtani ni aibu. Nimemshika.

Jumanne, 19 Machi
Gama amelazwa. Mapafu. Wanasema mvua ile ndiyo ilimmaliza. Watu hupenda kusema.
Skolastika kaenda hospitali na chupa ya uji. Mimi sikwenda. Nyumbani ananiambia maneno mawili tu, chakula tayari.
Nimezunguka mara nne bila kupinduka. Nimelegeza springi za nyuma. Nakaribia kuwa bora. Nimejisifu mwenyewe, hakukuwa na mtu pale sakafuni.

Jumamosi, 23 Machi
Gama amekufa asubuhi.
Nimeambiwa nikiwa namwaga mafuta ya shokapu. Nimemaliza kazi. Nyuma mafuta mazito, mbele mepesi.
Ameondoka hajashindwa. Nimekasirika naye. Hilo ndilo lililonijia kwanza.

Jumatatu, 25 Machi
Tumemzika.
Kwenye msiba wa Mngoni mtani ana kazi, na wote walikuwa wananisubiri mimi. Nimeifanya. Nimevaa utepe wake wa kupimia nguo shingoni. Nimelala njiani jeneza lisipite, nikawapima wabebaji viuno, nikasema suruali zenu hazijaisha, marehemu kalala na kitambaa. Nimekohoa kama yeye. Wamecheka huku wanalia. Hakuna Mmatengo anayefanya kazi hiyo kunizidi.
Halafu mjomba wake kasimama. Kasema gari la marehemu lipo kwa mtani, hatuwezi kumlaza na kitu chake bado kimetekwa, nani anakikomboa.
Mama Tekla kaingia ndani. Katoka na jogoo.
Skolastika alikuwa kwa wanawake, kaniangalia mimi tu. Nilikuwa nalo gari kwenye kikapu, nililileta kwa ajili ya mchezo. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno lenyewe dogo, nimekwisha kupokea. Watu mia mbili. Mdomo ulikuwa wazi.
Nikanyoosha mikono.
Mama Tekla kapiga goti kunipa, kama inavyotakiwa, akanisogelea sikioni. Kasema, "Huyu ni wa pili, mtani. Mwenyewe alisema nimweke tayari, alijua utamla wa kwanza. Kasema usiaibike mbele za watu."
Halafu kainuka, akacheka kwa nguvu, akapiga vigelegele. Wakapiga makofi. Nikatoa gari na rimoti. Wakasema mtani ameridhika, twende makaburini.
Nimeshika kamba ya jeneza na mkono mmoja, jogoo kwapani.
Njiani kurudi Skolastika kamnyakua jogoo, akageuka naye msibani. Sikumzuia.
Nimemtazama Mama Tekla kutwa nzima nione kama ana hasira. Nimemtazama mjomba. Nimewatazama wote. Wananipa mkono, wananiambia umefanya kazi nzuri, Otmari. Hakuna aliyenikasirikia. Hairuhusiwi.

Alhamisi, 28 Machi
Sijaligusa gari langu. Betri nimeiacha nusu.
Skolastika kaniwekea maji ya kuoga. Nimemwambia asante. Kashangaa. Na mimi pia.

Jumatatu, 1 Aprili
Nimekwenda Mbamba Bay. Walikuwa wameshaalika watu, nisingeweza kukataa. Lami mpaka chini siku hizi, basi limeshuka mteremko abiria wamelala.
Sakafu ya ghala ni nzuri, saruji ya zamani, laini. Wazee walikuwa ishirini hivi, na wanawake waliotoka kuanua usipa. Wameweka madebe kwenye kona. Nimezunguka mara kumi peke yangu. Halikupinduka hata mara moja. Kona zote nimepita ndani, polepole. Wakapiga makofi, wakaniita kwa jina langu la zamani.
Nikakaa kwenye gunia. Mpakizi mmoja, tulijuana tangu lori langu la kwanza, kaniletea mbasa wa kuchoma kwenye sahani. Kauliza yule fundi cherehani yuko wapi. Nikamwambia tumemzika Jumatatu iliyopita. Kasema pole sana. Kakaa pembeni yangu, tukaangalia ziwa.
Halafu kauliza, "Lakini ulikuwa unamshinda, si ndivyo?"
Nikamwambia hapana. Sijamshinda hata siku moja.
Kasema haya, kula, samaki anapoa.
Nikala.